Uzi wa Mashoto

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na tusipoteze muda kumtafuta mwingine. Wapo watu ambao ujinga huwakuta njiani wakiwa na shughuli zao. Huyu aliufuata mwenyewe hadi mtoni, akautupia mshipi, akauvuta taratibu kwa ustadi wote aliojaliwa, kisha akaubeba mbiombio mpaka kwa mama yake mzazi. Tena alikuwa mtu mzima, mwenye mvi za kutosha kuheshimiwa na kitambi cha kutosha kutaniwa.

Mtaani walimwita Bwana Nzi. Kazi yake ilikuwa kushona viatu, lakini jina hakulipata kwenye viatu. Kila alipopata upenyo kati ya soli na soli, alibana ndoano ndogo kwenye jiliwa, kibanio cha chuma kilichofungwa pembeni mwa meza, akaizungushia uzi, manyoya ya shingo ya jogoo na nywele za sungura, mpaka akatoka nzi ambaye hata nzi wenzake wangempa salamu. Mteja alipokuja kufuata kiatu alimkuta kakodoa macho, ncha ya ulimi nje, anavuta kinyoya kimoja.

"Fundi, kiatu changu vipi?"

"Subiri kidogo, namvisha huyu kwanza."

Ndivyo jina lilivyomganda.

Nzi hao hawakuwa mapambo. Nyuma ya mji unapita mto unaoshuka kutoka milimani, maji yake ya baridi inayouma mpaka kwenye mifupa, na ndani yake mna trauti, samaki wa madoadoa mwenye akili kuliko wengi wanaomvua. Pale hairuhusiwi kuvua kwa mnyoo wala chambo chochote chenye uhai. Mlinzi wa mto akikuona na mnyoo anakunyang'anya ufito wa kuvulia. Unatupa nzi wa bandia, unamwacha aelee kama aliyeteleza kwenye jani, na trauti akidanganyika anapanda kumchukua. Aliye mdogo unamrudisha majini. Na hapo kwenye kurudisha ndipo Bwana Nzi alipokuwa mhubiri. Kila aliyesimama naye ukingoni aliisikia hotuba ileile: lowesha mikono kabla ya kumgusa, kwa kuwa mkono mkavu humchuna ute wake, akaenda kufia mbele, na usimburute juu ya mawe, shuka mwenyewe majini umtoe ndoano. "Umemdanganya," alikuwa akisema, "basi angalau uwe na adabu."

Karakana ilikuwa na vigoda viwili. Cha pili kilikuwa cha mdogo wake, ambaye wote walimwita Mashoto, kwa sababu alishona, alikula, alirusha mshipi na hata kujikuna kwa mkono wa kushoto. Mashoto naye alifunga nzi, na alifunga vizuri kuliko kaka yake, jambo ambalo kaka alilikubali akiwa peke yake tu. Kulikuwa na alama moja iliyowatenganisha. Mtu wa mkono wa kulia anapofunga, uzi hupita juu ya ndoano ukienda mbali naye. Mashoto aliigeuza jiliwa, ndoano ikaelekea upande wa pili, na uzi wake ukazunguka kinyume. Ukiwaweka nzi wao wawili kiganjani, mtu wa kawaida anaona nzi wawili. Bwana Nzi aliona ndugu wawili. Mishono ndiyo iliyokuwa elimu yake: mpe kiatu chochote cha mji ule akigeuze mara moja, atakutajia fundi aliyekishona na kama siku hiyo alikuwa amelewa.

Kisha zikaja mvua kubwa. Mashoto alikwenda mtoni siku ambayo hapa mjini jua lilikuwa linawaka, na kumbe kule juu milimani mbingu imeshapasuka. Maji yakashuka yote pamoja, mekundu, yakibeba miti na ng'ombe. Uliokotwa ufito wake, umevunjika katikati. Likaokotwa na kapu lake la samaki. Yeye mwenyewe hakuonekana. Wanaume walipekua kingo hadi chini kabisa kwenye mashamba, siku baada ya siku, kisha mmoja akakumbuka kazi yake, mwingine mguu wake unaouma, na msako ukafa bila mtu kutangaza kuwa umekufa.

Mama yao akakataa msiba. Waliokuja kumpa pole aliwauliza, "Pole ya nini? Mmeuona mwili? Basi kunyweni chai mwende." Mke wa Mashoto siku moja alijisahau akasema "marehemu" mbele yake, na tangu siku hiyo mama hakumtaka nyumbani kwake. Akaweka kiti mlangoni, akakaa. Mlango haukufungwa tena mchana, hata upepo ukilia. Alikula kama anayeonja. Bwana Nzi, aliyekuwa akiishi naye tangu mkewe mwenyewe alipofariki, alimtazama mama yake akipungua kwenye kile kiti kama sabuni kwenye maji.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe. Maji ya mto yalikuwa yamerudi kuwa kioo. Bwana Nzi hakuwa amegusa ufito tangu mafuriko, na asubuhi hiyo mama ndiye aliyemfukuza.

"Nenda mtoni. Unanuka gundi."

"Mama, mimi mtoni sina hamu napo."

"Sikukuuliza hamu. Nenda kaangalie maji, uniletee habari zake."

Akaenda. Alisimama kwenye kidimbwi kilicho chini ya daraja, akatupa nzi mara chache bila moyo, na kama ilivyo kawaida ya samaki, wakamjia kwa sababu hakuwataka. Trauti mmoja wa wastani alipanda, akachukua, akapigana kidogo. Bwana Nzi akalowesha mikono, akamshika tumboni, akainama kumtoa ndoano.

Ndoano zilikuwa mbili.

Yake ilikuwa imenasa juu ya mdomo. Nyingine ilikuwa pembeni mwa taya, na kipande kifupi cha uzi wa mshipi kikining'inia. Aliichomoa akaiweka kwenye jua. Nzi wa mwili wa kahawia, mkia wa sufu nyekundu. Sufu ile aliijua: ilitoka kwenye sweta ya mama, Mashoto aliikata pindo la mkono kwa siri, na mama alipogundua akamfukuza uani na mwiko. Nzi wa namna hiyo hakufungwa na mtu mwingine duniani. Lakini kilichomsimamisha ni uzi. Ulizunguka kinyume. Na ndoano ilikuwa inang'aa. Ndoano zile hazikai. Ukiziacha majini muda mfupi tu zinaota kutu kama misumari ya bati. Hii ilikuwa haijalala mdomoni mwa samaki zaidi ya siku chache.

Uzi wa Mashoto, ndoano mpya. Akazijumlisha hizo mbili jinsi ambavyo mimi na wewe tungezijumlisha, na jibu likampiga kifuani.

Alitoka majini mbio. Mlinzi wa mto alikuwa anashuka kwa njia ya juu, akamwinulia mkono.

"Bwana Nzi, afadhali nimekuona. Kuna jambo nataka kukwambia, kuhusu shemeji yako, huku juu..."

"Baadaye, mzee."

"Ni neno moja tu."

"Nimesema baadaye."

Neno moja tu. Lingemkuta wakati huo, hadithi hii ingeishia hapo, na mama mmoja angebaki na maumivu yake ya zamani badala ya kupewa mapya. Lakini mwenye furaha hana masikio. Alipita.

Mama alikuwa kwenye kiti chake.

"Mbona umelowa hivyo? Nilikwambia uangalie maji, si uyavae."

"Mama, Mashoto yu hai."

Mama hakushtuka. Alimtazama kama anavyotazamwa mlevi anayedai ameacha pombe. "Nani kasema?"

"Huyu." Akafungua kiganja.

"Nzi."

"Nzi wake. Nimemtoa mdomoni mwa samaki sasa hivi. Tazama uzi ulivyozunguka, mama, tazama. Na ndoano ni mpya. Kafungwa juzijuzi huyu."

Mama hakuwa na macho ya kuona uzi. Aliona sufu. Akamchukua yule nzi kwa vidole viwili, akamsogeza karibu na pua.

"Hii sweta yangu," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mimi nimekaa hapa nimefunga tumbo, yeye yuko huko juu anavua samaki kwa sweta yangu."

"Huenda aliumia kichwa, mama. Wapo watu hupigwa na gogo wakasahau hata jina lao. Labda kaokolewa na watu wa huko juu, hajui pa kurudi."

"Akisahau jina nitamkumbusha kwa mwiko." Akashika ukingo wa kiti. "Nisaidie niinuke."

Tangu mafuriko mwanamke huyu safari yake ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi kitini. Sasa alivuka chumba, akafungua sanduku, akatoa shuka za Mashoto, akazinusa, akasema zina uvundo, akaagiza sabuni na beseni. Mezani kulikuwa na mkate wa jana. Aliula wote, amesimama, makombo yakimwangukia kifuani, kama mtu aliyekumbuka ghafla kuwa ana meno. Bwana Nzi alimtazama akitafuna na akaona kwamba maishani mwake hajapata kufanya jambo jema kuliko hili.

"Mama, tusiseme kwa majirani bado."

"Tusiseme nini?" Tayari alikuwa dirishani. "Jirani. We jirani wa juu. Shuka uje unisaidie kukamua shuka, mwanangu anarudi."

Kisha akageuka. "Na wewe umesimama kama nguzo. Nenda kwa mkwe wangu umwambie. Mwambie lile neno lake la marehemu alirudishe alikolitoa. Halafu mwambie aje, nimemsamehe."

Mke wa Mashoto alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele, mwisho wa kichochoro: kiti kimoja cha kuzunguka kilichochanika sponji, kioo chenye ufa uliozibwa kwa gundi ya karatasi, beseni la kuoshea nywele, na harufu ya mafuta na chanuo la moto ambayo hata ukizaliwa humo hutaizoea. Nyuma ya pazia ndiko walikoishi. Alikuwa na vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Wanawake walisema wanalipia kichwa kimoja wanapata na masimango ya bure. Na nzi wa mumewe na shemeji yake alikuwa amewacheka miaka yote. "Wanaume wazima," alikuwa akisema, "mnashindwa kununua nguo za watoto, mnawavisha wadudu."

Bwana Nzi alikuta kibao cha "Tumefunga" mlangoni. Akagonga hata hivyo. Msusi alifungua akiwa amevaa vazi la kutokea, kitambaa kichwani, kama mtu aliyekuwa njiani.

"Shemeji," alisema. "Nilikuwa nakuja kwenu."

"Keti kwanza, nina habari."

"Keti wewe. Na mimi ninayo."

"Yangu inaipita yako." Akacheka, masikini, akacheka kwa raha, na akampa yule nzi kiganjani. "Soma huyo."

Alimtazama nzi, kisha akamtazama shemeji yake aliyelowa, na uso wake ukaanza kubadilika, lakini haukwenda upande alioutarajia Bwana Nzi.

"Umempata wapi?"

"Mdomoni mwa samaki, chini ya daraja. Ndoano mpya, shemeji. Na uzi umezunguka kinyume. Mjini hapa anayefunga hivyo ni mmoja tu, na unamjua kuliko mimi."

"Mama umemwambia?"

"Nilianza naye. Ungemwona. Kala mkate mzima. Anafua shuka sasa hivi. Na wewe amekusamehe."

Msusi aliketi kwenye kiti cha wateja, kikazunguka kidogo kwa uzito wake, akabaki amekitazama kioo. Bwana Nzi alidhani ni furaha imemzidi. Akangoja alie.

"Njoo," hatimaye alisema, akainua pazia.

Chumba cha nyuma kilikuwa na meza ndogo chini ya dirisha, na viti viwili vinavyotazamana. Jiliwa ya Mashoto ya nyumbani ilikuwa bado imefungwa pembeni mwa meza, vilevile alivyoiacha. Msusi hakuketi kwenye kiti cha mumewe. Aliketi cha upande wa pili, chake, ambapo ndoano ilimwelekea mkono wa kulia. Akabana ndoano tupu. Akakata sufu nyekundu kwa mkasi wa saluni, akaishika kwenye mkia kwa kidole gumba, na mkono wake wa kulia ukaanza kuzungusha uzi. Kila mzunguko ulipopita juu ya ndoano, uzi ulikuwa unakuja kwake.

Alifunga fundo la mwisho, akakata uzi.

"Nilikaa hapa," alisema. "Yeye alikaa pale. Kila jioni. Yeye uzi ulikwenda mbali naye, na mbali naye ndiko nilikokuwa mimi. Nilijifunza hivyohivyo, ukija kwangu. Sijui kuufunga vingine."

Bwana Nzi aliwaweka wawili pamoja, wa samaki na wa sasa hivi. Akawageuza kwenye mwanga wa dirisha. Macho yake, yale yaliyojua fundi gani alishona kiatu gani na kama alikuwa amelewa, hayakuona tofauti yoyote.

"Lakini ulikuwa unatucheka."

"Nilikuwa nacheka huku natazama. Mlidhani mtu akicheka macho yake yanafumba?"

"Na mtoni? Nani alimpeleka mtoni?"

"Mimi." Aliufungua mkono wake juu ya meza, ulikuwa na mikato ya mshipi, mingine mibichi. "Nyinyi mliacha kutafuta, shemeji. Sikulaumu, lakini mliacha. Nikaanza kwenda mwenyewe alfajiri. Sasa mwanamke akionekana anatembea kando ya mto peke yake, mume wake kachukuliwa na maji, watu wanamfanyaje? Wanamshika mkono wanamrudisha nyumbani. Wanamtafutia mtu wa kulala chumbani mwake asijiue. Nilirudishwa sijui mara ngapi. Basi nikashika ufito. Mwanamke mwenye ufito wanasema akili zimemruka kidogo, wanamwacha apite. Nikachagua wazimu. Huyo samaki alinikatia mshipi juzi, sikujua kuvuta. Mlinzi wa mto alinionea huruma, akasema atakwambia uje unifundishe."

Neno moja tu la mlinzi. Bwana Nzi akakaa kwenye kiti cha mdogo wake bila kujijua.

"Kwa hiyo hakuna kitu," alisema. "Tumerudi palepale. Hatujui."

"Tunajua."

Aliinama akavuta kitu kutoka chini ya meza. Lilikuwa kapu la samaki la Mashoto, lile lililookotwa. Ndani kulikuwa na furushi la taulo la saluni, la kijani, lenye madoa ya rangi ya nywele. Alilitoa kwa mikono miwili, jinsi unavyombeba mtoto aliyelala, akaliweka mezani kati yao na kulifunua upande mmoja tu.

"Jana. Bwawa la juu, pale mti mkubwa ulipoanguka. Ndoano ilinasa chini ya mizizi, nikadhani gogo. Nikavuta na gogo likaja." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nilikuwa nakuja kwenu leo niwaambie wewe na mama. Lakini nilitaka kwanza uliangalie wewe. Mimi naweza kukosea. Buti ni buti. Wewe ndiye unayesoma mishono, shemeji. Soma."

Lilikuwa buti la kuvulia, la mguu wa kushoto, turubai na ngozi, limekuwa jeusi na limevimba. Harufu ya mto ilijaa chumba, ya mto na ya kitu kingine, na mafuta yote ya saluni hayakuweza kuifunika. Kamba zilikuwa bado zimefungwa, juu mpaka chini, kwa fundo lililopinduka. Bwana Nzi hakuligusa mara moja. Alitazama soli: blanketi nene lililokatwa kwa kisu, na misumari iliyopigwa kwa kupishana ili isiteleze kwenye mawe. Alitazama kiraka cha kifundoni. Kiraka hicho walikigombania, Mashoto alitaka ngozi laini, yeye akashona ngumu, akamwambia, "Hii itakuzika." Mafundi wote husema hivyo kwa mteja. Uzi wa nta, sindano mbili zikipishana kwenye tundu moja, mshono ambao katika mji mzima ulikuwa wake yeye peke yake.

Ulikuwa haujaachia hata tundu moja.

"Ni wangu," alisema. "Mshono ni wangu."

"Sikufungua kamba," alisema msusi. "Sikuweza. Lakini ukilinyanyua utajua. Si tupu."

Akalinyanyua. Akajua. Akalirudisha kwenye taulo, akalifunika, akapanga na pindo vizuri, mara mbili, mara tatu, kana kwamba pindo ndilo lililokuwa tatizo.

Wakati huo ndipo alipomkumbuka yule samaki. Hakuwa amemrudisha. Yeye, mhubiri wa mikono iliyolowa, alimwacha trauti juu ya majani alipoiona ndoano, akakimbia. Sasa hivi alikuwa ameshakauka, jicho moja juu, na nzi wa kweli wamemjaa. Halikuwa jambo kubwa mbele ya lililokuwa mezani, lakini lilikataa kumtoka.

Kelele za watoto zilipita kichochoroni. Mmoja alikuwa anaimba kwamba Mashoto anarudi, Mashoto anarudi. Maneno ya mama yalikuwa yamefika mbali kwa muda mfupi.

"Tumwache," alisema Bwana Nzi.

"Tumwache nani?"

"Mama. Tumwache kwanza. Hili tutalizika sisi wawili, kimyakimya, mimi najua mahali. Yeye tumwache na huyo nzi wake. Shemeji, amekula. Hujaona alivyokuwa. Amekula mkate mzima, amesimama kwa miguu yake. Ukimwambia leo anakwenda na mwanawe."

"Na kesho akiuliza mbona hajafika?"

"Tutasema yuko mbali. Tutasema ametuma salamu."

"Na kesho kutwa?"

"Tutapata la kusema. Mama mwenyewe mzee, shemeji, ana siku ngapi? Mtu akishikwa na tumaini mwishoni mwa umri, kuna ubaya gani?"

"Ubaya uko hapa." Aliweka kiganja juu ya taulo. "Mimi nimfulie shuka huyu, nitandike, nikae na mama mlangoni tunamngoja, huku mguu wake uko ndani ya kapu la samaki? Nimeuvuta kwa ndoano, shemeji. Kwa mkono huu. Halafu nimwambie mama yake ametuma salamu?"

"Sikusema ni rahisi."

"Umesema tu. Wewe ni mtu wa kusema. Asubuhi ulisema yu hai, saa hii unasema tudanganye, jioni utasema jua lilikuwa kali."

Lilimpata. Akawachezea wale nzi wawili mezani, akawapanga kichwa kwa kichwa, akawachanganya mpaka yeye mwenyewe asijue tena yupi ni yupi. Kule mtaani, mama yake alikuwa labda anakamua shuka, au ameshaanika. Aliziona akilini zikipigwa na upepo.

"Haya," alisema hatimaye, bila kuinua uso. "Aambiwe. Lakini mwambie wewe. Wewe ndiye uliyempata. Nyinyi wanawake mnayajua maneno ya mambo haya, mimi nitaharibu. Mimi nitakaa nje, akianguka nitaingia."

Msusi alikuwa ameshasimama. Alilirudisha furushi ndani ya kapu, akapitisha mkanda wa kapu begani kwake, upande uleule mumewe alikokuwa akilipachika, na akamwinulia pazia apite mbele.

"Samaki ukimdanganya, shemeji, unashuka majini mwenyewe, unalowesha mikono, unamtoa ndoano. Mama yako umemnasa wewe. Nenda kamtoe."